Masini ya Éphraïm Bado Inaangalia

Butembo, tarehe 10 mwezi wa tatu, 2003

Mvua. Bati la biro, ofisi yetu, linapiga kelele mpaka redio ya foni haisikiki vizuri. Éphraïm amebana sikio kwenye kipaza sauti tangu mchana, anaandika majina ya watoto ambao watu wetu wa Oicha wamewaokota wiki hii bila baba wala mama. Halafu akaja kuyapiga kwenye masini kwa vidole viwili, mtu mzima mwenye diplome! Nikamwambia kuku anadonoa haraka kuliko yeye.

"Marie-Jeanne, kuku hajuake kuandika jina ya baba ya mutoto," akasema, na akaendelea kudonoa.

Tuko watu wanne katika biro hii. Vita imetawanya familia toka Mambasa mpaka Beni, na sisi tunatafuta watoto ni wa nani. Chef, mkubwa wetu, ni Ézéchias. Éphraïm anatembea, anaona watoto kwa macho. Ananie anapiga majina. Mimi ninalinda masini kubwa, kompyuta iliyobeba jedwali la watoto, na wivu wangu kwa masini hiyo wote wanaujua.

Tarehe 11

Éphraïm ameenda na moto, pikipiki ya biro, Beni kisha Oicha. Kabla ya kutoka alikuwa analinganisha orodha mbili kwenye posti yake, kompyuta yake ndogo, akaniomba nimsimamishie jedwali palepale, asione mabadiliko yetu mpaka amalize. Nikamfungulia hiyo kazi, masini ikampigia picha ya jedwali lote kama lilivyokuwa asubuhi ile. Hakumaliza. "Usizimishe, nitamalizia siku ya posho," akasema. Yaani Jumamosi. Nikaunganisha posti yake kwenye batri za masini kubwa. Karatasi zote za Oicha kaziweka kwenye mfuko wake.

Tarehe 12

Ananie amesafisha majina yaliyorudi mara mbili. Anatembea kifua mbele kama jogoo.

Tarehe 15

Siku ya posho. Éphraïm hajarudi. Wanasema kuna risasi upande wa Eringeti.

Tarehe 18

Foni ya Oicha haijibu tena. Watu wa huko wamekimbia, na yule wa foni pia.

Leo amekuja mama mmoja, Tamar, ametembea toka porini Mambasa mpaka hapa na viatu vya plastiki visivyofanana. Tunamwita Mama Masika, kwa jina la binti anayemtafuta. Mtoto wa miaka sita, kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Walipotezana njiani. Mchungaji mmoja alimwambia amemwona Oicha.

Nikatafuta. Masini ikajibu: Masika, baba Mathe, miaka sita, amerudishwa kwa mama yake Alimbongo.

Nikafurahi, mjinga mimi. Nikamsomea. Mama Masika akanitazama bila kupepesa jicho.

"Mama yake ni mimi. Kule Alimbongo iko na nani?"

Tarehe 20

Masini imeanza kuchoka. Kutafuta jina moja tu, unaweza kwenda kunywa chai na kurudi.

Ninajua sababu yake. Jedwali letu halifuti kitu. Mtoto akihama toka Beni kuja Butembo, nabadilisha mahali pake, lakini mstari wa zamani hauondoki. Unakufa tu, unabaki umelala palepale, na mstari mpya unaandikwa pembeni. Watoto hawa wanahama kila siku: leo kambini, kesho kwa mchungaji, kesho kutwa hospitali. Mtoto mmoja anaweza kuwa na mistari kumi iliyokufa nyuma yake. Ndiyo maana kila asubuhi ninatoa amri ya VACUUM, sisi tunaiita ufagio: inapita, inaondoa wafu, nafasi yao wanapewa wapya.

Sasa ufagio unapita na kurudi mikono mitupu. Masini inaniandikia: mistari fulani imekufa, yote inabakishwa. Kesho yake imeongezeka, yote inabakishwa. Kwa sababu posti ya Éphraïm bado inaangalia picha yake ya tarehe kumi na moja. Maadamu kuna mtu mmoja anayetazama jedwali la siku ile, masini haithubutu kumwondolea chochote alichokuwa anakiona.

Nilipomweleza Ézéchias akasema, "Donc tunazimisha posti ya Éphraïm, na bintu inaisha."

Hakuna aliyesimama kwenda kuizima. Wala mimi.

Tarehe 21

Mvua.

Tarehe 25

Hadassa, mke wa Éphraïm, amekuja na kitenge akafunika skrini ya mumewe, kama mtu anayefunika mtoto. Akavuta kiti, akaketi hapo mpaka saa kumi.

Nikamweleza kwa upole (kwangu upole ni kazi) kwamba posti ile inatuumiza.

"Yaya Marie-Jeanne, dada yangu, kwenu mutu akitoka safari, munafagia nyumba siku ile ile?"

Hapana, hatufagii. Bibi yangu Vagheni angekuvunja mkono na huo ufagio. Mtu akiwa njiani unaacha nyayo zake mlangoni, usije ukamfagilia njia ya kurudi. Mimi ni Mkatoliki na nimesoma informatique, lakini nyayo hizo nami sijawahi kuzifagia. Nikarudi kwenye kiti changu nimekasirika. Hawa Waprotestanti wanasema wameacha mambo ya mababu!

Tarehe 28

Providence amefariki Beni, surua. Miaka minne. Wiki iliyopita nilikuwa nimempata shangazi yake, alikuwa anakuja kumchukua. Nimebadilisha mstari wake mimi mwenyewe. Leo sitaki kuandika.

Tarehe 31

Mama Masika anakuja kila siku asubuhi, anasimama mlangoni. Haulizi tena. Anangoja nitikise kichwa, kisha anaenda kulimia watu apate chakula.

Tarehe 4, mwezi wa nne

Ézéchias amerudi toka Alimbongo. Alienda mwenyewe, matope mpaka magotini. Yuko Masika kweli kule, binti wa Mathe kweli, miaka sita kweli. Yuko na mama aliyemzaa, na mikono ya mtoto yote ni laini, hakuna kovu.

Tukamtazama Ananie wote. Kumbe hayo ndiyo aliyokuwa anasafisha siku ile ya tarehe 12! Aliona Masika wa Mathe wawili, miaka ileile, akadhani ni mmoja ameandikwa mara mbili, akaandika mahali pa wa Alimbongo juu ya wa Oicha, wawili wakawa mmoja.

"Ananie," nikasema, "wewe ni Munande au ulishuka na ndege? Kwetu kila binti wa kwanza ni Masika! Ukisimama sokoni ukaita Masika, nusu ya wanawake watageuka. Na akina Mathe hawahesabiki!"

"Jina ya mama haikuwa, yaya. Nilikuwa nataka jedwali ikuwe safi."

Akalia. Nikamwacha alie.

Nimetafuta njia zote. Copie, nakala ya jedwali, ninafanya kila siku ya Mungu, Jumapili: ile ya tarehe 9, mtoto alikuwa hajaandikwa bado, ile ya tarehe 16, ameshafutwa. Karatasi ziko kwenye mfuko wa Éphraïm. Wa foni amekimbia. Ninajua tu kwamba Éphraïm aliandika mahali ambapo mtoto huyu yuko, nami nilikuwa nimeketi pembeni yake namtania kuhusu kuku.

Tarehe 7

Nimemwambia Mama Masika ukweli. Hakupiga kelele. Alisema, "Basi iko hai." Nikamwambia hilo sijui. Akasema tena, "Iko hai."

Tarehe 9

Diski karibu ijae. Ikijaa, masini inaanguka na kazi zote zilizofunguliwa zinakatika. Wafu wamezidi wazima ndani ya jedwali, mara nyingi. Ézéchias amepiga meza.

"Siku ya posho tunazimisha. Mama Hadassa atanisamehe, mais iko batoto wengine mia ngapi wanangoja humu ndani!"

Ana haki. Nimekubali. Kusema kweli nimefurahi mtu mwingine ameamua. Sipendi tena kuingia chumba kile. Nikiwa peke yangu na kile kitenge naona kama nyuma yake kuna mtu ameshika pumzi.

Tarehe 11

Maji yamenifika shingoni. Hata kufungua jedwali ni shida. Kesho tunazima.

Hadassa ameambiwa. Hakubishana. Aliuliza tu, "Ile picha, inaenda wapi?" Nikajibu, haiendi popote, inakufa, na vyote vilivyokuwa vinabakishwa kwa ajili yake ufagio utavipeleka.

"Vyote alivyoona ile asubui?"

"Vyote."

Nimeandika mpaka hapa, nikasimama, nikaangusha kalamu. Marie-Jeanne, wewe ni mpumbavu wa kupigiwa ngoma! Éphraïm aliandika tarehe kumi. Picha ni ya tarehe kumi na moja. Ananie aliharibu tarehe kumi na mbili.

Mstari wa Masika umekufa lakini haujaondoka. Ni katika hiyo inayobakishwa. Mimi siwezi kuuona, Ananie hawezi, masini kubwa yenyewe hainionyeshi. Posti ya Éphraïm inauona.

Tarehe 12, siku ya posho

Ninaandika usiku.

Asubuhi niliwaita wote: Ézéchias, Ananie, Hadassa, na Mama Masika, maana yeye ndiye mwenye mtoto. Nikawaeleza. Kwenye posti hii ninaweza kuuliza, na itajibu kama siku ile. Lakini masini yetu haina huruma na kazi ya namna hii: nikikosea herufi moja, inakataa, kazi yote inavunjika, picha inaenda. Hakuna kurudia. Batri nazo zilikuwa chini, siku tatu hatukuona mafuta ya jenereta. Na radi ilikuwa inatembea juu ya mji.

Nikaandika swali kwenye karatasi kwanza. Nikamwita Ananie aketi pembeni asome herufi moja moja. Ézéchias akasema hapana, si huyu.

"Huyu," nikasema. "Hakuna mtu leo anayeogopa kukosea kuliko yeye."

Hadassa akatoa kitenge mwenyewe. Alikikunja taratibu, kona kwa kona, tukangoja. Skrini ikawaka. Ilikuwa palepale Éphraïm alipoiachia, majina aliyokuwa analinganisha yako juu, na chini kile kialama cha kuandikia kinapepesa, kinapepesa. Mwezi mzima kimekuwa kinapepesa chini ya nguo.

Ananie akasoma. Nikapiga. Nilipiga kwa vidole viwili, mimi ninayejisifu kwa kumi. Tukasoma tena toka mwanzo. Tukasoma toka mwisho kurudi nyuma. Liwalo na liwe, nikabonyeza.

Masini ilikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa inapita katikati ya wafu wote hao, mmoja mmoja. Mama Masika alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu, nikasikia kiti kinatikisika.

Wakatoka Masika wengi, ukurasa mzima. Nikashuka na kidole. Masika wa Mathe, Alimbongo. Chini yake, Masika wa Mathe, miaka sita, mama hajulikani, kovu la moto mkono wa kushoto. Oicha, kwa Zorobabel, fundi wa mbao, nyuma ya kanisa la mawe. Na kwenye nafasi ya maelezo Éphraïm alikuwa ameongeza: *anakataa kulala mpaka mlango ufungwe mara mbili.*

Mama Masika akapiga ukelele nilidhani paa linafunguka. "Ni yeye! Ni mimi nilimuzoeza! Mara mbili!"

Ézéchias alikuwa ameshatoka mbio kutafuta mtu wa moto wa kwenda Beni kuuliza watu wa Oicha wamekimbilia wapi.

Wengine walipotoka, Hadassa alibaki. Akaniomba niulize kitu kingine. Nini? Chochote. Anataka kuona alichokuwa anakiona mumewe. Nilikuwa tayari nimepata nilichotaka, kukosea hakukuwa na hatari tena, nikaiomba masini inionyeshe watoto wote wa Beni.

Providence alikuwa pale. Miaka minne, mzima, yuko kwa masista, anangoja ndugu. Hakuna surua. Wengine pia nikawaona, wale ambao tangu mwezi wa tatu nimewaandika mimi kwa mkono wangu kwamba hawapo. Wote wazima, wote wanangoja. Nikaziba mdomo.

Hadassa alisoma majina yote mpaka chini. Hakuwajua, lakini alinitazama usoni, akaelewa.

"Hawa bamekufa?"

"Wengine."

"Na hapa bado beko."

"Hapa bado."

Nilidhani sasa hatakubali kamwe tuzime, na ningekuwa nani nimlaumu? Mimi mwenyewe, kama angeniambia tuache, ningeacha jengo zima lianguke.

"Funga," akasema. "Si muzuri kubashikilia hivi."

Kisha akaongeza haraka, kama mtu anayesahihisha: "Kufunga masini hapana kumuzika Éphraïm. Akirudi, utamufungulia ingine."

"Nitamfungulia."

Akabonyeza yeye. Kialama kikatoweka.

Tarehe 13, siku ya Mungu

Nimekosa misa. Nimetoa ufagio mkubwa, ule unaolipanga jedwali upya toka mwanzo mpaka mwisho. Ukipita huo, jedwali linafungwa, hakuna anayesoma wala kuandika, ndiyo maana nilingoja siku isiyo na kazi. Jioni umemaliza. Masini ikaniandikia inayobakishwa: sifuri. Diski imepumua, jina linatoka kabla hujamaliza kukohoa.

Nilidhani nitacheza. Nimeketi nikalia juu ya kibodi mpaka Ézéchias akaniletea chai.

Tarehe 15

Kuanzia leo ni sheria, nimeibandika ukutani: hakuna kuacha kazi wazi na kuondoka. Hata chef. Chef ndiye wa kwanza kuivunja.

Tarehe 20, Pasaka

Mvua imenyesha juu ya maandamano yetu. Hadassa amenisalimia sokoni. Zamani nilimwona mwanamke mkaidi tu. Nimemuuliza anakula? Akasema anapika ya watu wawili, akibakisha anampa jirani.

Tarehe 24

Habari toka Beni! Zorobabel na watu wake wamerudi Oicha, wote wazima, na mtoto yuko nao. Mama Masika hayuko tena mlangoni kwetu asubuhi, yuko ndani, anafagia biro nzima bila kuombwa. Barabara bado haijafunguka.

Tarehe 30

Bado.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Wamefika saa nane na lori la mbao, Zorobabel mwenyewe amempakata mtoto mbele. Mama Masika alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi. Sitaandika jinsi walivyoshikana, maana nilikuwa nimegeukia ukuta. Nilisikia tu mama anarudia, "Wasingya, Nyamuhanga, wasingya," anamshukuru Mungu kwa Kinande.

Tukaingia ndani. Hadassa alikuwa ameleta ndizi za kuchoma. Mtoto alikula amekaa mapajani mwa mama yake, mkono wa kovu umeng'ang'ania nguo. Alipomaliza alianza kutuangalia usoni mmoja mmoja. Ézéchias. Ananie, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya kabati. Mimi.

"Baba ya moto iko wapi?" akauliza.

Zorobabel akainamisha kichwa. Akatueleza kwamba Éphraïm alilala kwake usiku mmoja, akacheka na mtoto huyu, akamwambia anaenda Eringeti kuona wengine na akirudi atamchukua yeye mwenyewe mpaka kwa mama. Tangu hapo kila moto ikipita mtoto alikuwa anatoka nje.

"Alisema atarudi. Tulikimbia, sasa hajui kwenye tuko," mtoto akasema. "Mutu amuambie."

Ézéchias alikohoa. Hadassa aliweka sahani chini, akapiga magoti mbele ya mtoto, akamshika ule mkono wenye kovu.

"Hatarudi, mama," alimwambia, na hakuna aliyekuwa amemletea habari yoyote. "Alikufa mu njia. Mimi ni muke wake. Usimungoje tena."

Mtoto akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Hadassa akabaki amepiga magoti, mdomo wazi, halafu kile kilio kikatoka, cha kwanza tangu mwezi wa tatu, na Mama Masika akamshusha binti yake chini ili apate mikono miwili ya kumshika.